Sombe Niliyoibeba Mgongoni Kasrini

Aibu ya siku ile ningeificha, lakini majirani zangu wa hapa mtaani Cato Manor wanaisimulia vibaya, basi afadhali niiseme mwenyewe.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Bukavu, na siku ya pili tu nikamsikia kwenye simu akinisema, mimi na kazi yangu ya kusuka: "Mwanamke wa saluni kichwa chake kimejaa nywele tu." Nikaapa atarudi na habari nyingine. Nikapanga matembezi yote peke yangu: kasri la zamani lenye makumbusho, yeye, mume wangu, Gloria wetu wa miaka minne, na sufuria ya sombe, kisamvu cha mawese na samaki nilichokitwanga toka alfajiri (mama mkwe hali mkate wa mgahawa, anasema ni sponji).

Mlangoni mlinzi akatuzuia. "Mama, chakula hakiingii. Kiache hapo." Hapo ni wapi? Kando ya pipa la taka! Na watalii wanapita na vikombe vyao vya kahawa, hakuna anayewauliza kitu. Eish, damu ilinichemka. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha tiketi, nikaifunga sufuria mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikaivisha kofia ya Gloria, tukajichanganya na kundi la watalii, tukapita. Mama mkwe aliniangalia tu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini tulitembea vizuri! Nikamwonyesha vitanda vya wakubwa wa zamani, panga, mizinga, namtafsiria kila bango kama mwalimu, mpaka dada anayetembeza wageni akaninong'oneza, "Mtoto wako mpole kweli, halii."

"Amelelewa vizuri," nikamjibu. (Kiburi hicho!)

Kisha tukafika kwenye kisima cha zamani, nikainama nichungulie.

Mawese, ninyi mnaoyajua, ni mekundu. Yalinishuka mgongoni mpaka kwenye viatu, sakafu ikajaa madoa, na yule dada akapiga kelele: "Mtoto anatoka damu!" Watu wakakimbilia, mlinzi akaja na sanduku la dawa, mzungu mmoja anasema yeye ni daktari, wote wananivuta kitenge, nami nazunguka kama pia, "Amelala! Amelala!" Mume wangu je? Alikuwa anasoma bango. Bango lenyewe lilikuwa la kuonyesha choo.

Gloria ndiye aliyenimaliza. "Siyo mtoto! Ni sombe!"

Kofia ikaanguka, mfuniko ukaonekana. Nikatamani kisima kile kinimeze. Ndipo mama mkwe akaja kusimama kati yangu na mlinzi.

"Mwambie mlinzi: huyu ni binti yangu. Amebeba chakula changu pale pale alipombeba mjukuu wangu. Nani hapa ana mkwe kama huyu?" Akanigeukia. "Tafsiri!"

Nikatafsiri huku nalia. Kisha nikapiga magoti, nikafuta sakafu yao yote, tukatolewa nje. Tukala kwenye majani, karibu na mzinga, wote tumejipanga kama wafalme, na baadaye mlinzi mwenyewe akaja kuuliza kama iko samaki imebaki. Mama mkwe akampakulia. Mimi nilikataa hata kumwangalia.

Sasa Bukavu nzima inajua, maana mama mkwe hachoki kupiga simu kujisifu kwamba ana mkwe kama mimi. Lakini nimeapa: sombe haitapanda tena mgongoni mwangu. Safari ijayo nabeba samaki wa kukaanga. Hao hawavuji.