Mijusi wa Jiwe la Udaga

Nilikuwaga mbishi, na ubishi wangu mkubwa ulikuwa wa mijusi. Nyuma ya nyumba yetu Butiama kulikuwa na jiwe pana ambalo mama alianikia mihogo ya udaga, na mijusi hawakubanduka hapo. Kwenye daftari langu la sekondari niliwapanga aina mbili: wenye kichwa chekundu na mgongo wa bluu, na wale wa kahawia. Niliandika hadi wanakopatikana: Butiama wapo, Bunda kwa shangazi wapo, Musoma mjini wamejaa.

Mama alicheka huku akigeuza udaga wake. "Aina mbili wapi, mwanangu? Hao wa kahawia si wake za huyo mwekundu?"

Nilinuna siku nzima. Mtu hajasoma biolojia, halafu anifundishe mimi!

Juzi nilirudi kwenye jiwe lile, sasa nikiwa mtafiti wa mijusi. Udaga haupo, na aliyekuwa akiuanika hayupo. Dume mwekundu alikuwa akitingisha kichwa, majike wa kahawia wamemzunguka. Nikajaza fomu: aina moja. Palipoandikwa "Jina la aliyetambua" nilitakiwa kuweka langu. Niliandika la mama.