Baiskeli Iliyokaa kwa Miguu ya Shemeji

Baiskeli yangu ya pili niliinunua mpya, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema kitu kingine. Ile ya kwanza ilikuwa kuukuu, nyeusi, nzito, niliachiwa na jirani aliyepata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, na fremu yake ilichomelewa mara nyingi hata ikanipita mimi kwa makovu, mpaka ikakatika isichomeleke tena. Hii ya pili ilikuwa ya bluu, ina gia, imetoka dukani Lilongwe na plastiki zake. Niliinunua kwa pesa za ovaroli nilizokuwa nikishona hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kuwauzia wapakiaji wa maghala ya tumbaku kule Kanengo. Hakuna aliyenichangia hata kifungo.

Siku ya kuinunua nilikuwa na furushi la vitambaa, nikarudi kwa minibasi. Baiskeli ililetwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwanamume mrefu kama mlingoti. Alikipandisha kiti mpaka kikamfaa, akaja nayo barabara kuu yote akipiga mluzi. Jioni ileile mama mkwe akamwita pasta. Nyumbani kwetu, tangu tulipokuwa Uvira kabla ya kukimbia, kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Pasta akapaka mafuta kwenye usukani, kwenye kiti na kwenye gurudumu la mbele, tukaitika amina. Na kiti kikabaki palepale shemeji alipokiacha, maana nani angethubutu kushika spana baada ya amina?

Mimi ni mfupi. Safari ya kwanza kwenda Kanengo nilitamani kulia, na niliporudi nililia. Pedeli ikifika chini nilikuwa naifuata kwa ncha ya kidole gumba, kiuno kinakwenda kushoto na kulia kama nacheza ndombolo mbele ya malori. Usukani ulikuwa mbali, mikono imenyooka njia nzima, vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi hata usiku ule sindano ikawa inaniponyoka. Shingo ilikataa kugeuka. Nyuma ya magoti kulikuwa kunavuta. Mahali pa kukalia sipasemi, kwa sababu pasta anaweza kuyasoma haya.

Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Mikono yake ilikuwa ya upendo kabisa, ila mdomo wake ulikuwa umeshakata shauri.

"Binti yangu, iyi velo haiko yako," alisema, velo kwetu ndiyo baiskeli. "Mwili wako njo unasema. Umuachie shemeji yako afanye nayo kabaza, akuletee kitu kila mangaribi."

Kabaza ni ile kazi ya Wamalawi ya kubeba abiria nyuma ya baiskeli. Shemeji hakuwa na kazi, kwa hiyo ushauri ule ulikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana niliuogopa. Mume wangu, ambaye popote aendapo huenda kwa miguu, aliniambia mvumilivu hula mbivu. Nikasema moyoni, kitanda usichokilalia huwezi kuwajua kunguni wake. Mwishowe alikubaliana na mama yake: tungojee mpaka mwisho wa mwezi, nikiwa bado nalala kitandani kila nikitoka Kanengo, baiskeli aichukue mdogo wake.

Bila baiskeli hakuna Kanengo, nauli ya minibasi ingekula faida yote. Na hapa kambini mafundi cherehani tuko kila kona, tunanyang'anyana zipu za kubadilisha. Ningerudi kwenye zipu. Nilikuwa nimetoka huko, nilikujua, na sikutaka.

Basi kila jioni shemeji aliizungusha sokoni kidogo, ati asikie breki. Ilimkaa. Ilimkaa vizuri mno, mgongo umetulia, magoti yanapanda na kushuka taratibu, watu wanamsifu. Hilo liliniuma kuliko kiuno. Nilianza kuamini kwamba labda kweli mwili wangu ndio wenye kasoro, kwamba baiskeli nzuri ni kwa ajili ya watu walioumbwa vizuri.

Safari ya pili nilifika Kanengo nikichechemea. Mpakiaji mmoja akajaribu ovaroli yangu pale pale kwenye ukuta wa ghala, ikambana mabegani, asiweze kuinua mikono. Akaanza kuniomba radhi, maskini, anasema kwa Chichewa kwamba amenenepa, mabega yake yamekuwa mabaya. Nikamjibu kwa Chichewa changu cha kuokoteza: mabega yako hayana kosa, nguo ndiyo imekatwa vibaya, lete niifumue. "Zikomo, amayi," akanishukuru, akaivua.

Nikabaki nimeishika ile ovaroli mkononi. Nikaitazama baiskeli iliyoegemea ukuta, halafu nikajicheka kwa sauti hata yule bwana akarudi nyuma hatua. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, nami nilikuwa naendesha suruali ya shemeji.

Nilipofika nyumbani sikulala. Nilichukua utepe wangu wa kupimia nikajipima mguu kwa ndani, toka kinenani mpaka kisigino. Nimepima watu wa kambi hii mpaka siwezi kuwakumbuka, lakini mwili wangu mwenyewe sikuwahi kuupima. Mguu wa shemeji sikuhitaji kuupima, suruali zake za kanisani nazishona mimi. Tofauti yetu ilizidi kiganja. Nikaenda kuazima spana.

Mama mkwe alinikuta nimechutama uani.

"Pasta alishaiombea," alisema.

"Mama, aliombea velo. Hakuombea urefu wa shemeji."

Akaingia ndani, akafunga mlango ili asione. Kwa mama mkwe wangu hiyo ni ruhusa.

Nilikishusha kiti, nikakisogeza mbele, na ncha yake iliyokuwa imeinuka nikailaza. Usukani nikaupandisha mpaka kwenye alama ya kutozidi. Wala sikupatia mara moja. Kwanza nilikishusha mno, magoti yakawaka moto upande wa mbele, nikakipandisha kwa upana wa kidole. Fundi hupachika pini kwanza, halafu mteja anatembea, anakaa, anainama, ndipo unapiga cherehani. Nilikuwa fundi na mteja. Nilizunguka njia ya kwenda kisimani na spana kiunoni, nikashuka, nikakaza, nikapanda tena, na wanawake wenye ndoo wakaniuliza kama nimepata kazi gereji.

Maumivu hayakwisha yote. Mapaja yalikuwa yakiuma kila nikitoka safari, na makalio yalichukua muda kukizoea kiti kile chembamba. Lakini nilishajua kuyatenganisha. Kuna maumivu ya kosa, hayo huzidi kila siku, na dawa yake ni spana. Na kuna maumivu ya ugeni, hayo hupungua yenyewe ukiendelea. Sisi tuliokuja hapa na watoto mgongoni tungepaswa kuyajua hayo ya pili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Kanengo na furushi zima, nikauza, nikarudi jua likiwa bado lipo. Vidole vyote kumi vilikuwa hai. Niliegesha baiskeli, nikasonga nsima, nikala na wenzangu nimekaa wima, wala sikukigusa kitanda mpaka usiku.

Asubuhi shemeji, ambaye jioni zote za spana hakuipata kwa sababu nilikuwa naizungusha mimi, aliitoa baiskeli aijaribu. Alipokanyaga, magoti yakampanda karibu na viwiko, akayumba mpaka kwenye ukuta wa jirani, akajaribu tena, ikawa vilevile. Mama mkwe alicheka hadi akashika nguzo ya mlango.

"Shuka, mwanangu," akamwambia. "Mupe mwenyewe."

Shemeji alishuka, akanipa usukani, naye anacheka. Jirani aliyetoka kwa kusikia kishindo akauliza kuna nini. Mama mkwe akajinyoosha, akafunga kitenge chake upya, akamjibu kwa sauti ya kufika mpaka sokoni:

"Ni muke wa mwana wangu. Huyu anajua kushona mpaka velo."

Nilifunga furushi langu kwenye keria, wala sikumsahihisha.