Kalunde na Viini Vinne vya Uyoga

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kalunde Mbuvi, 54, amepiga magoti kando ya kichuguu kilichoko shambani mwake, nje kidogo ya Kibwezi. Uyoga mkubwa uliofunguka anaupita kana kwamba hauoni. Anachuma mmoja tu, ambao kofia yake bado imefumba.

"Ile imefunguka ni ya kupika," anasema. "Mambo yake iliisha jana."

Baadaye, katika kituo cha utafiti anakofanya kazi, anakata kwa wembe matamvua ya chini ya kofia, anayatia rangi nyekundu na kuyaweka chini ya hadubini. Anamwita mwandishi aone. Seli moja ina viini viwili. Kwa jirani yake vimeungana kuwa kimoja. Nyingine ina vinne, na kila kimoja kinahamia kwenye spora yake, yaani mbegu ya uyoga.

"Spora nne, kila moja na kiini yake. Hakuna yenye inasahauliwa."

Kalunde mwenyewe amesahauliwa. Aliajiriwa mwaka 1979 kufagia, na hadi leo, miaka kumi baadaye, mshahara ni wa mfagiaji: shilingi 1,400 kwa mwezi.

Misimu miwili mtafiti mkuu, Dakta Mulei, alichuma uyoga uliofunguka akaambulia patupu, kwa kuwa viini vilikwisha hama. Kalunde, mchumaji tangu utotoni, ndiye aliyemwambia auwahi ukiwa umefumba.

Ripoti ya utafiti huo ilipotoka, ilikuwa na michoro sita ya penseli ya Kalunde. Jina lake halimo. Dereva alishukuriwa. Inaudhi, na hakuna namna ya kuipamba.

Mwezi uliopita kazi ya fundi wa maabara ilitangazwa. Kalunde, aliyeishia darasa la nne, aliiomba akaambiwa hana cheti. Kazi akapewa Ndolo, kijana wa chuo aliyefundishwa na Kalunde huyo huyo kushika wembe.

"Mama, pole, si mimi nilipanga," Ndolo alimwambia.

Dakta Mulei naye anasema: "Kalunde ni hodari sana. Lakini sheria ni sheria." Sheria hiyo hiyo inamstaafisha Desemba, atakapotimiza miaka 55.

Ana mpango gani? Kalunde anafuta wembe kwa kanga, taratibu.

"Ile kichuguu wanatoa uyoga ya utafiti iko kwa shamba yangu. Mvua ya mwaka ujao ikinyesha, nitavuna yote ikiwa imefumba. Waje na cheti yao, wataikuta kwa sufuria."