Sauti Nyuma ya Lango la Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini Garsen, Nyapara Mkuu alinipeleka uwanjani kabla sijautua mzigo wangu. Nilikuwa nimesafiri siku nne kutoka Tanga, sehemu ya mwisho juu ya magunia ya saruji, na vumbi lilikuwa limenijaa hata kwenye kope. Akanionyesha nguzo mbili za mkoko zilizofungwa mwamba, mti wa kukingama, juu yake. Hatua kama kumi na tano nyuma ya nguzo hizo ardhi ilikatika, na chini ulipita mto Tana, mwekundu na mkimya.

"Hili ndilo lango la mtoni," akasema. "Lile la kule ni la barabarani. La barabarani utalizoea."

Nikasubiri aseme na la hili. Akanipeleka stoo, nikapewa fulana ya kipa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nchi zetu zote mbili hazijapata uhuru. Vijana wa leo wakisikia mtu amekwenda kucheza mpira nchi ya nje hufikiria ndege na mikataba. Sisi tulikwenda kwa lori, na kwenye karatasi hatukuandikwa wachezaji. Mimi niliandikwa fundi rangi wa kambi ya barabara, kambi iliyotengeneza barabara ya udongo na kuendesha kivuko cha kamba. Asubuhi nilishika burashi kweli, lakini kilichonitoa Tanganyika ni mikono yangu. Nilikuwa kipa wa timu ya shamba la mkonge. Bwana Barabara, ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia kambi, aliniona nikidaka alipopita Tanga likizoni, akaniomba kwa meneja wangu kama mtu anayeazima jembe la jirani.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa. Hatukuwa na glavu. Mpira ulikuwa wa ngozi, mdomo wake umefungwa kwa kamba, na ukilowa ulikuwa mzito kama dafu. Fowadi aliruhusiwa kumpiga kikumbo kipa mwenye mpira mkononi, kwa hiyo ulijifunza kudaka huku umeinua goti. Ulijifunza kuziba pembe, yaani kumsogelea mpigaji mpaka asione lango, aone kifua chako tu. Na zaidi ya yote ulijifunza kuita. Ikija krosi, mpira wa juu kutoka pembeni, kipa huuona na mabeki wawili huuona, na wote wakiurukia watagongana vichwa. Basi kipa akiamua kuufuata hupaza sauti, neno moja: "Yangu." Beki akilisikia huacha. Hata mpira ukiwa umefika kwenye paji la uso wake, huacha.

Garsen niliwakuta mabeki watiifu kwa wito huo kuliko wote niliopata kucheza nao. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nisijue nilichokuwa nashukuru.

Mechi ya kwanza tulicheza na vijana wa kijiji cha Ngao, waliosoma misheni, wepesi wa miguu na wapole wa maneno. Kipindi cha kwanza nililinda lango la barabarani, nikatoka salama. Kipindi cha pili tukabadilishana. Ikapigwa kona, mpira ukaning'inia juu yangu, nikavuta pumzi niite. Kabla sijafungua mdomo nikasikia nyuma yangu, upande wa maji, sauti ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka: "Yangu."

Mabeki wakasimama. Nami nikasimama, kwa mazoea tu. Fowadi wa Ngao akaupiga kichwa peke yake, ukaingia.

Beki wetu wa kulia alikuwa Yona, Mpokomo wa Kulesa, mtu mkubwa mwenye mikono ya kupiga kasia. Aliinamisha kichwa akarudi mahali pake bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Beki akifungwa kwa kosa la kipa hulaumu, ndiyo ada yao. Nikamfuata nikamuuliza ni nani aliyeita.

"Si wewe?" akasema. Lakini macho yake hayakuwa yanauliza.

Wiki mbili baadaye wakaja watu wa Kipini, mafundi wa matani. Waliposhuka kwenye lori wakauliza kama Mtanga, ndilo jina nililopewa, amekuja na mlango kamili au amewaletea fremu tupu. Tukacheka sote. Kisha likatokea lile lile, kwenye lango la mtoni, kwa neno lile lile, kushoto kidogo kwa nguzo ya mbali. Niligeuka upesi. Palikuwa na majani yaliyolala kwa upepo, na maji yanapita.

Kesho yake Bwana Barabara akaniita barazani kwake. Kiswahili chake kilikuwa cha kukata kwa shoka. "Wewe nalala kwa goli? Moja kama ile tena, wewe panda lori, rudi kwa mkonge."

Lakini kwenye mkonge hapakuwa na nafasi tena, maana lango langu alikwisha pewa mwingine. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Nilikuwa nimemposa binti kule Tanga, na baba yake alikubali kwa sharti kwamba mwaka uishe nikiwa na kazi yangu. Kurudi mapema kulikuwa ni kumkosa. Nilizidisha dua, nikazidisha mazoezi, na sikumwambia mtu nilichosikia. Kipa anayesema anasikia sauti hapewi lango.

Ni Yona aliyekuja kwangu mwenyewe, nikiwa napaka rangi ubavuni mwa kivuko. Alikaa juu ya gogo, macho mtoni, akanieleza, na alipoanza hakusimama.

Kabla yangu walikuwa na kipa mwingine wa kigeni, Athumani, mtu wa Pemba. Alasiri moja ya masika walikuwa mazoezini, mto umejaa hadi ukingoni. Athumani alivua fulana yake akaitundika kwenye nguzo. Mpira ulikuwa mmoja tu kambi nzima. Shuti likapita juu ya mwamba, likadunda, likaelekea majini. Athumani akaita na kuteremka kuufuata.

"Ameita," Yona akaniambia. "Tumefundishwa, kipa akiita, simama. Tukasimama watu sita, mikono kiunoni, tunangoja aurudishe. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mimi mtoto wa mto, Mtanga. Niliogelea kabla sijatembea. Na nilisimama."

Asubuhi mpira ulikutwa umekwama kwenye kamba ya kivuko. Athumani hakuonekana. Kama ni mamba au ni mkondo, hakuna aliyejua. Hakuwa na jamaa Garsen, hapakuwa na mwili, na kwa hiyo hapakuwa na matanga. Fulana yake ilirudishwa stoo. Nilipomuuliza Yona fulana hiyo iko wapi, alinitazama kifuani.

Nataka nieleweke hapa. Nilifundishwa chuo cha Kurani kwamba roho za wafu ziko kwa Mola wao, hazizururi viwanjani, na naliamini hilo mpaka leo. Naandika nilichosikia, si nilichokielewa.

Nilikwenda kwa Maalim, mzee wa Kisomali aliyekuwa na duka karibu na kivuko na akisomesha watoto Kurani. Nilidhani atanipa hirizi. Aliuliza swali moja tu: "Aliswaliwa?" Nikasema hapana. Akafunga duka mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni. Tukaenda uwanjani, tukasimama mbele ya lango la mtoni, tukamswalia Athumani swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, isiyo na rukuu wala kusujudu. Yona na Wakristo wengine walisimama nyuma yetu, kofia mikononi. Tulipotoa salamu, midomo ya Yona ilikuwa bado inatembea. Nilijiambia sasa yamekwisha.

Ngao wakarudi. Bwana Barabara aliweka kiti chake kando ya mstari, na lori la kwenda Malindi lilikuwa limeegeshwa nyuma yake, pua ya lori imeelekea njiani. Sanduku langu, kwa agizo la Nyapara Mkuu, lilikuwa limekwisha kufungwa. Kipindi cha kwanza tulipata goli moja. Cha pili nikaenda kusimama lango la mtoni.

Zilibaki dakika chache ilipokuja krosi. Safari hii niliwahi. Nikaita kwa nguvu zangu zote, na ile sauti ikaita pamoja na yangu, neno moja kwa vinywa viwili, kama maamuma wanavyoitikia amina. Niliruka, fowadi akanipiga kikumbo, mpira ukateleza vidoleni. Nilianguka chali. Kutoka chini nilimwona beki wa kushoto amesimama, kama alivyofundishwa, na mpira unaelekea langoni.

Lakini Yona hakusimama. Tangu wito uliposikika alikuwa anakimbia, tena hakuwa anaufuata mpira wala hakuutazama. Alinipita, akafika mbele tu ya nguzo akielekea mtoni, na hapo mpira ukampiga mgongoni kwa kishindo, ukapaa juu ya mwamba. Sidhani kama aliuhisi. Aliendelea mpaka ukingoni, udongo ukimeguka chini ya miguu yake, akasimama, maji yakipita chini yake.

"Nimekuja, Athumani," akasema.

Hakupaza sauti, ila uwanja mzima ulisikia. Hakuna aliyemcheka, si wetu si wa Ngao. Mto ulipita. Kisha akainama, akauokota mpira uliokuwa umenasa kwenye majani ya ukingoni, akaniletea na kuuweka mikononi mwangu kama mtu anayekabidhi amana.

Baada ya mechi Bwana Barabara alisema tu, "Beki yako mzuri." Lori likaenda bila mimi. Nilikaa Garsen miaka mitatu zaidi, na nyuma ya lango la mtoni sikusikia tena ila upepo.

Kutoka hapo nilihamia Mombasa, kwenye timu ya makuli wa bandarini, chini ya Katibu mkali aliyetufundisha kula kidogo kabla ya mechi, kisha nikarudi nyumbani Tanga, nikalinda lango mpaka magoti yaliponikatalia. Alhamdulillahi. Vidole vyangu vitatu havinyooki, na aliyenimiminia chai ninapoandika haya ni yule binti niliyemposa.

Jioni huenda kuwatazama vijana wakifanya mazoezi, nao huniuliza kuhusu kuita. Huwaambia kipa na aite, na aite mapema. Kisha huwageukia mabeki na kuwaambia jambo ambalo sikulifundishwa na bosi yeyote. Akiita, mwachieni mpira. Yeye mwenyewe msimwache.