Shangazi Chini ya Kaniki

Sikuingia kazi ya kupunga pepo kwa huruma. Wanawake wa Pate waliponiona nikipita na chetezo mkononi walisema, maskini yatima, amepata kazi ya thawabu. Niliwaacha waseme. Niliingia kwa kuwa nilijua shangazi yangu angeugua siku moja, na kama ugonjwa wake ungekuwa wa aina ambayo waganga wa mizizi hawaiwezi, angeletwa kwa fundi wetu, kwa sababu mji mzima ulikuwa na fundi mmoja tu wa wanawake. Nilitaka siku hiyo anikute nimekaa nyuma ya kichwa chake.

Ndui iliwachukua baba na mama katika mwezi mmoja. Tulibaki wawili, mimi mkubwa na mdogo wangu wa kike. Shangazi, dada wa baba, alituchukua kwake. Mimi nilikuwa nimefika juzuu ya saba chuoni. Alinitoa wiki ile ile, akasema mwanamke akijua sura za kusalia inatosha, akaniweka kwenye jiwe la kusagia. Hizi herufi ninazoandikia sasa ni zile nilizowahi kuzipata kabla ya jiwe.

Siku hizo Serikali ilikuwa imewaacha huru watumwa, na nyumba zilizozoea kutumikiwa zilikuwa hazina mtu wa kuteka maji. Kiwayu palikuwa na nyumba moja ya namna hiyo, watu wenye mashua zao, na shangazi alitamani binti yake aolewe pale. Akawapelekea mdogo wangu, mtoto wa miaka kumi. Sisi alituambia anakwenda kulelewa.

Mwaka wa pili shangazi alitangaza mtaani kwamba mdogo wangu ametoroka na baharia wa Banadiri. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Watu waliamini. Mwanamke aliyetoroka hawekewi matanga, hasomewi khitma, na jina lake likitajwa watu huvuta ukaya wa kichwani hadi mdomoni wakatazamana. Miezi michache baadaye alikuja Pate mwanamke wa Kiwayu kwa ajili ya arusi. Akanivuta pembeni penye kisima akaniambia ni yeye aliyemwosha mdogo wangu. Alikufa kwa homa, jikoni, na mgongo wake ulikuwa na alama. Nilirudi mbio nikawaambia jirani. Mmoja akanijibu, "Nyamaza, mwana wewe. Shangazi yako anakulisha."

Tangu siku ile nilitaka jambo moja. Shangazi aseme kwa kinywa chake, mbele ya wanawake wa mtaa, kwamba mdogo wangu hakutoroka.

Nilipokwenda kwa fundi nilikuwa msichana mkubwa. Yeye alikuwa mjane mnene, mwenye meno mekundu kwa tambuu, na alikuwa akiswali sana kuliko wale waliokuwa wakimsema kwamba ana dini nusu. Nilimwambia nataka kujifunza.

"Kwanza utalala wewe," akasema.

"Mimi siumwi, Bi."

"Nani amesema unaumwa? Nimesema utalala."

Hiyo ndiyo ilikuwa ada yao. Asiyelala chini ya kaniki miezi kadhaa haruhusiwi kumsikiliza mgonjwa. Kila siku baina ya alasiri na magharibi nililala kwenye kitanda cha kamba, kaniki nyeusi kutoka miguuni hadi kifuani, ubani ukifuka, na fundi kwenye kigoda nyuma ya kichwa changu, mahali nisipoweza kumwona uso. Alisoma Fatiha. Kisha akanyamaza. Nilimsikia akitafuna tambuu.

"Bi, nifanye nini?"

"Sema."

"Niseme nini?"

"Hilo unalolizuia."

"Sizuii kitu."

"Haya, lala basi." Akaendelea kutafuna.

Siku nane zilipita hivyo. Siku ya tisa nilianza na jiwe la kusagia, na nilipoanza sikukoma. Mwezi mzima nilimsema shangazi: mkono wake, sauti yake, jinsi alivyokuwa akituhesabia vipande vya samaki. Fundi alisema "Mh" tu. Nilikwisha kumwona kama mtu wa upande wangu. Siku moja akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za chumvi:

"Na siku aliyoondoka mdogo wako, wewe ulikuwa wapi?"

Nilitupa kaniki chini nikatoka bila viatu. Siku tatu sikurudi. Siku ya nne nilirudi nikalala mwenyewe, nikamwambia. Nilikuwa pale pale uani. Ni mimi niliyemfungia mzigo, leso mbili na kitana. Alinishika mkono akauliza kama nitakwenda kumtazama, nikamwambia huko atakula wali kila siku, aache kulia. Na usiku ule nilifurahi kulala peke yangu kwenye mkeka.

Fundi alisema "Mh."

Nilidhani baada ya hapo chuki itapungua, maana nilikuwa nimetoa langu. Haikupungua. Shangazi alinifanya mimi, dada wa mtoto, nimfungie mzigo kwa mikono yangu. Nikaliongeza na hilo juu ya yale mengine.

Baada ya mwaka fundi alianza kunikalisha pamoja naye kwa wagonjwa wengine. Nilijifunza kuikumbuka ndoto ya mtu neno kwa neno, na kutokula nyumbani kwa mgonjwa. Nilijifunza kukutana naye njiani nikamuuliza habari za kuku wake kana kwamba sijui lolote jingine. Nilijifunza pia kutofautisha. Alikuja mke wa seremala, akalala, akatoa sauti nzito kama ya dume, akataka halua. Kesho yake halua. Kesho kutwa halua. Fundi akafunua kaniki.

"Mwanangu, huyu si pepo. Huyu ni uroho wa halua. Mwambie mumeo."

Mke wa seremala alicheka mpaka akashika mbavu, na akapona kweli, sijui kutokana na nini.

Lakini kanuni iliyokuwa juu ya zote ni hii. Kwenye ukuta wa chumba wanakaa wanawake sita au saba wa mtaa, wanaoitikia na kupiga makofi. Aliyelala anaitwa kiti, kwa sababu pepo amemkalia, na pepo akipanda ndiye anayesema. Fundi humuuliza pepo: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini. Chochote kitakachotoka ni cha pepo. Mke anaweza kusema anataka mumewe afe, na wanawake wa ukutani wakatoka pale hawakusikia kitu, naye akaenda kumpikia mumewe huyo huyo chakula cha jioni. Kumwita kiti kwa jina lake, au kwa udugu wake, wakati pepo yuko juu, ni kama kumvua nguo mbele za watu. Fundi aliniambia hilo zaidi ya mara ishirini. Nililijua vizuri.

Shangazi aliletwa na binti yake mwanzo wa kaskazi. Koo lilikuwa limefunga. Wali ulikuwa haupiti, uji ulipita kidogo kidogo. Alikuwa amebaki mifupa na hina. Yule binti hakuolewa Kiwayu hata hivyo. Kijana wa nyumba ile alioa mjini Amu. Shangazi aliponiona mlangoni na chetezo alimgeukia binti yake akasema, "Hata hapa yuko?"

Fundi aliniita uani.

"Huyu ni yule uliyenisimulia."

"Ndiye."

"Waweza kumkalia nyuma?"

Adabu ya kazi ilitaka niseme, huyu ni damu yangu na nina lake moyoni, mkalie wewe. Nilisema naweza.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Naweza, Bi."

Alinitazama sana. Nadhani alitumaini kwamba mwaka ule chini ya kaniki ulikuwa umefanya kazi yake. Akanipa kigoda.

Alasiri nne za kwanza shangazi alilala kama gogo. Nilifukiza, nilisoma, nilinyamaza. Niliutazama utosi wake wenye mvi na nilikuwa mvumilivu kama paka. Siku ya tano alianza kutikisika miguu. Siku ya sita pepo alipanda, sauti nyembamba, ya mtu aliyebanwa.

"Wewe nani?" nikauliza.

"Wa pwani ya kaskazini."

"Wataka nini?"

"Mayi. Nipe mayi."

Nikampa maji. Akayateremsha bila kukwama, na wanawake wa ukutani wakapiga kigelegele, kwa maana lile koo lilikuwa halijapitisha funda zima kwa wiki tatu. Fundi aliniangalia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakiri kwamba niliifanya kazi vizuri. Alikuwa anapona mikononi mwangu, na mimi nilimwona anapona.

Siku ya saba pepo alipanda upesi. Nikamuuliza wataka nini.

"Nataka leso mbili," akasema. "Na kitana."

Wanawake wa ukutani walidhani ni matakwa ya kawaida. Mimi nikaweka chetezo chini.

"Za nani?"

"Za mtoto. Hakutoroka mtoto. Tulimpa. Tulimpa, akafa, tukasema ametoroka."

Wanawake wote saba waliinamisha vichwa, wakatazama mikeka. Hilo ndilo walilofunzwa, na mimi ndilo nililofunzwa: nimwambie pepo nimesikia, nimwahidi leso mbili na kitana, nimteremshe taratibu. Shangazi angeamka akaomba uji, na wale wanawake wangetoka pale bila kusikia kitu. Mdogo wangu angebaki ametoroka.

Niliinama mpaka mdomo ukafika karibu na sikio lake, lakini nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Shangazi. Nani alimpa?"

Mtu mmoja ukutani akasema "Ya Rabi." Shangazi akafumbua macho. Hayakuwa macho ya pepo. Alinitazama kinyumenyume, kidevu juu, na akajua yuko wapi na nani wanamsikiliza.

"Mimi," akasema, kwa sauti yake. Kisha akasema, "Na mzigo ulifunga wewe."

"Nilifunga mimi. Alitoroka?"

"Mnaniua."

"Alitoroka, shangazi?"

"Hakutoroka."

"Waambie wao, usiniambie mimi."

Binti yake alikuwa akinivuta nguo. Shangazi akageuza uso ukutani na kuwaambia wale wanawake, mmoja mmoja kama anayetoa salamu, hakutoroka, hakutoroka, alifia Kiwayu. Kisha akakohoa, na yale maji aliyokunywa yakarudi yote.

Fundi hakunipigia kelele. Alingoja watu watoke, akakunja kaniki mara nne, akaiweka sandukuni, akafunga.

"Kigoda hiki ulikuwa ukipate mwezi ujao," akasema. "Hukipati. Wala mwingine atakayekuja kwangu hatasikia kwamba wewe ulifunzwa na mimi."

"Sawa, Bi."

"Ungemponya. Siku tatu za kulala zilikuwa zimebaki."

"Najua."

"Na hujuti."

"Sijuti."

Akatema tambuu. "Wale wagonjwa sita waliokuwa waje kwangu wiki hii hawatakuja tena. Wamejua sasa kwamba hapa mtu anaweza kuamshwa." Hilo sikuwa nimelifikiria, na ndilo peke yake katika mambo yote haya ambalo hunikaa vibaya. Fundi hakuwa amenikosea kitu. Nilimbusu mkono. Aliniacha niubusu, lakini hakunibariki.

Sasa wale wanawake saba hawakuwa na jinsi. Maneno ya pepo wangeweza kutoyasikia. Ya mtu aliyeamka, mwenye akili zake, yaliyosemwa usoni mwao, yalikuwa yamesikiwa. Kabla ya isha mtaa mzima ulikuwa nayo. Yule jirani aliyeniambia ninyamaze alikuja mwenyewe na ungo wa mchele, akasimama mlangoni hajui pa kuweka macho.

"Matanga utayaweka lini?" akauliza.

Niliyaweka siku tatu, katika chumba nilichokuwa nimepanga kwa bibi mmoja, miaka mingi baada ya mtoto mwenyewe kuzikwa. Walikuja. Wazee wanaume walisoma khitma kibarazani. Wanawake walijaa hadi uani, wakaniita mfiwa, wakanishika mkono, na kila mmoja akamtaja mdogo wangu kwa jina lake kwa sauti, bila kuvuta ukaya.

Siku ya tatu, watu wakinywa kahawa, shangazi alikuja. Alikuwa ameshikiliwa na binti yake, maana kutembea kulikuwa kumemshinda. Koo lilikuwa limefunga tena, zaidi ya kwanza. Matangani hafukuzwi mtu, hata adui. Hilo hujifunzi popote, unakua nalo. Alisimama nje ya pazia.

"Hodi," akasema.

Wote walinigeukia, kwa kuwa neno "Karibu" lilikuwa la mfiwa kulitoa. Nikachukua kikombe changu.

"Hodi."

Bibi mwenye nyumba akaninong'oneza, "Mwanangu, mjibu. Amekwisha kusema, amebakiwa na nini?" Nilimsikia. Nilikunywa.

"Hodi," mara ya tatu, na ile ilitoka nyembamba sana, kama ya pepo wake.

Anayebisha mara tatu asijibiwe huondoka. Ndivyo dini ilivyotufunza, na shangazi alikuwa mtu wa dini. Nilisikia viatu vyao vya miti vikirudi taratibu kwenye mawe ya uchochoro, vikisimama, vikiendelea. Aliyekaa karibu nami alikuwa na birika. Nikamwambia anijazie.