Waya Katika Koti la Mjomba

Majani ya mwaloni yaliyolowa hunuka kama chai ya jana iliyosahauliwa sufuriani. Harufu hiyo ndiyo hunirudisha kwenye Jumamosi za mwaka ule, majani yakipukutika, nikiwa na miaka kumi na miwili, nikimfuata Mjomba Kioko katika msitu wa umma ulio kwenye vilima vya kusini mwa Birmingham, Uingereza. Tulipanda treni Selly Oak kabla wanafunzi waliopanga nyumba za mtaa wetu hawajaamka, tukashuka pembeni mwa jiji, tukatembea hadi mahali ambapo lami inakwisha na matope yanaanza. Mjomba alikuwa akitafuta njia wanazopita paa. Mimi nilikuwa nikimpeleleza Mjomba.

Nilitumwa na Mama. Mama ni muuguzi, na mwaka ule alikuwa amepeleka maombi ya ukaazi wa kudumu, yake na yangu. Miezi ile ya kungoja jibu aliishi kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi pomoni: hakugeuka ghafla, hakupandisha sauti, hakuvuka barabara taa ikiwa nyekundu hata kama hakuna gari. Ndipo mdogo wake akaja kutoka Kitui kusoma chuo, akapewa chumba kidogo cha mbele, na kabla ya miezi miwili kwisha akaanza kwenda msituni. Mama hakuwa na ugomvi na paa. Alikumbuka tu kwamba Kioko alipokuwa mvulana alinaswa na askari wa wanyamapori akiwa na digidigi aliyemtega kwa waya, na babu akalazimika kusimama mbele ya chifu na kofia mkononi. Mama aliamini kwamba jambo kama hilo likitokea huku, chini ya anwani yetu, sote tungerudishwa. Sijui kama sheria ilisema hivyo. Yeye alikuwa na methali, na kwake methali ilitosha: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

"Kioko," alimwambia mezani, "mzungu gani huyo amekuachia msitu wake?"

"Si wa mzungu, dada. Ni wa umma. Hata wewe ni umma."

"Mimi si umma. Mimi ni mtu mwenye viza."

Akamwekea sharti mbele yangu: siku atakapoona dalili yoyote ya mambo ya Kitui, Kioko atafungasha na kutafuta pa kulala. Kisha akanigeukia na kusema kwamba Jumamosi nitakwenda naye, nipate hewa safi. Baadaye, akinisuka nywele jikoni, alinieleza hewa safi maana yake nini. "Angalia mikono yake," alisema. "Usiangalie mdomo."

Maelezo ya Mjomba yalikuwa mepesi, na labda wepesi huo ndio uliomtia Mama wasiwasi. Kulikuwa na Mhindi mmoja mzaliwa wa Nakuru, Mzee Jagdish, aliyekuwa na leseni ya bunduki na ruhusa ya kuwinda kwenye shamba linalopakana na msitu. Msituni kwenyewe hakuna ruhusa ya kuwinda, lakini paa hulala msituni na kula shambani, kwa hiyo anayejua wanapovukia hana haja ya kuhangaika. Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka. Mjomba angemtafutia njia, na msimu ukifunguliwa angepata mguu mmoja wa nyama. Mzee mwenyewe alikuja mlangoni siku moja kumtuliza Mama. "Mama Mwende, usiogope," alisema kwa Kiswahili safi cha Bonde la Ufa. "Mimi na bunduki yangu tuna karatasi zote. Ni magoti tu hayana." Mama alicheka, akamkaribisha chai, akamsindikiza hadi kwenye gari. Alipofunga mlango alisema, "Mtu hakupi mguu wa paa bure."

Niseme ukweli kuhusu mtoto niliyekuwa. Nilikuwa mtoto wa kurudia kazi ya shule kwa sababu herufi moja imeegemea vibaya. Nilipopewa kazi ya kupeleleza, sikuiona kama usaliti wala kama mchezo. Niliiona kama mtihani, na nilitaka kuupita bila kosa. Kwa hiyo nilitazama mikono ya Mjomba jinsi ambavyo sijawahi kutazama kitu kingine chochote. Niliiona ikigusa gome la mti lililochunwa na pembe, ikivunja punje nyeusi za mavi ya paa kujua kama ni mabichi, ikipima ukwato uliochapwa kwenye tope kwa upana wa vidole viwili. Alizungumza kwa kunong'ona, nusu na mimi, nusu na ardhi. "Huyu alipita alfajiri. Huyu ana mtoto. Huyu hapa aliogopa, ona alivyorusha tope." Lakini paa wenyewe hatukuwaona. Jumamosi baada ya Jumamosi tulichuchumaa nyuma ya gogo hadi miguu ikafa ganzi, na hakuna kilichokuja isipokuwa ndege na mvua. Nilianza kufikiri kwamba Mjomba ananipeleka makusudi mahali pasipo na kitu, na kwamba njia ya kweli anaiendea siku ninazokuwa shuleni.

Yeye naye alikuwa na shaka yake, na ilichukua muda kabla sijaijua. Asubuhi moja upepo ulikuwa ukivuma kutoka mgongoni mwetu. Aligeuka, akanusa, akanisogelea, akanusa tena.

"Mwende, umejipaka nini?"

Nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando yenye harufu ya waridi, usoni, mikononi, miguuni hadi ndani ya soksi, kwa sababu katika nyumba yetu mtoto hatoki nje akiwa amepauka, hata kama anakwenda kukutana na miti. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu kila mtu miaka ile, kwamba Mama amesema.

"Mama yangu! Unanuka kama kwaya nzima ya akina mama! Paa wamekusikia tangu uko kwenye treni!" Alicheka hadi akaketi kwenye gogo. Kisha kicheko kikaisha, akaniuliza polepole, "Ni dada aliyekuambia ujipake? Kila mara?" Nikaona usoni mwake anachofikiri: kwamba Mama alikuwa amenituma kama kengele shingoni mwa mbuzi, ili paa wasionekane kamwe na yeye achoke. Tulirudi nyumbani tumeketi viti vya kutazamana, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Jumamosi iliyofuata nilitoka nyumbani nimepauka. Nilijipangusa kwa taulo kwenye choo cha stesheni na kujihisi uchi. Siku hiyo walikuja. Kwanza sikio, kisha jike zima, rangi ya majani makavu, na nyuma yake watoto wawili wenye makalio meupe kama vitambaa vya kupangusia vyombo. Walipita karibu kiasi cha kusikia meno yao. Walifuata kijia chembamba hadi kwenye uzio wa shamba, wakainama mahali ambapo waya wa chini ulilegea, wakapita mmoja mmoja kama watu wanaoingia kanisani wakiwa wamechelewa. Mjomba alinishika bega na sikuthubutu kupumua. Kwa dakika hiyo sikuwa mpelelezi wa mtu.

Walipotoweka aliniambia nibaki pale aende kutazama kivuko. Nikabaki. Akafika kwenye uzio, akanipa mgongo, akainama. Aliinama muda mrefu. Niliona viwiko vyake vikienda na kurudi, lakini mikono yenyewe, ile niliyotumwa kuitazama, sikuiona. Alipoinuka alitia kitu mfukoni. Tukiwa njiani tulikutana na mwanamke mwenye mbwa mweupe, akatuuliza kwa upole unaouma kama tumepoteza kitu. "Uyoga," Mjomba alijibu haraka. "Tunatafuta uyoga." Nilijiuliza njia nzima: kama tunachofanya si kosa, uyoga umetoka wapi?

Jioni nilimweleza Mama yote, kwa mpangilio. Lakini yeye alikuwa ameshatangulia. Koti la Mjomba lilikuwa limelowa, Mama alilichukua kulifua, akapitisha mkono mifukoni kama anavyofanya kwa kila nguo. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na waya mwembamba uliosukwa, umekunjwa mizunguko kama jalebi za Wahindi, na mwishoni una kitanzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema. Hakupandisha sauti.

Mjomba alisimama mlangoni, soksi zikichuruzika maji. Alisema hakuutega, aliutegua. Aliukuta kwenye kivuko, mtu mwingine ameuweka. Alisema aliuficha kwa sababu mtu mweusi akionekana na waya msituni hakuna atakayemuuliza ameutoa au ameuweka, na Mzee Jagdish akisikia habari ya mitego angeogopa kwa ajili ya leseni yake. Yote yaliwezekana. Hapo ndipo palipokuwa na shida: yote yaliwezekana, na ya upande wa pili pia.

"Mwende," Mama alisema, "uliona anautega au anautegua?"

Wote wawili wakanitazama. Mjomba aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayemwita mtoto aje mapajani. Nilijua anachotaka niseme, na kilikuwa neno moja tu. Lakini sikuwa nimeona. Nilikuwa mtoto asiyeweza kuandika jibu asilo na hakika nalo, hata kwa penseli.

"Niliona ameinama," nikasema, safari hii kwa Kiswahili.

Mjomba akatazama chini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alitoka kanisani na, badala ya kwenda nyumbani, akatuongoza stesheni. "Nipeleke," alimwambia Mjomba. Alipanda vilima vile kwa viatu vya kisigino, sketi ameikusanya mkono mmoja, hataki kushikwa. Tulipofika kwenye uzio tulikuta kitanzi kingine. Kilikuwa kipya, kinang'aa, hatua chache kutoka pale paa walipopitia, na manyoya ya kahawia yamenasa juu yake. Mjomba akasema, "Umeona? Si mimi, jana nilikuwa nyumbani usiku kucha." Mama akajibu, "Na juzi?" Mjomba alipiga goti na kuanza kukilegeza kitanzi, na ndipo mbwa mweupe akatokea kati ya miti, na nyuma ya mbwa, mwenye mbwa.

Sijawahi kumwona Mama akifanya jambo kwa haraka vile. Aliunyakua waya mkononi mwa ndugu yake, akautia ndani ya mkoba wa kanisani, juu ya Biblia, akaufunga, akageuka na tabasamu lake la wodini. Mwanamke akauliza kama bado tunatafuta uyoga. Mama hakuwa amewahi kukutana naye. Nilikuwa nimemsimulia habari za uyoga, lakini sidhani kama alikumbuka. Alisema tu, "Ndiyo, wa supu," kwa Kiingereza chake bora kabisa, kana kwamba maisha yake yote alikuwa akichuma uyoga kwa viatu vya kisigino. Mwanamke akapita, akageuka mara mbili kututazama.

Kwenye treni Mama alikumbatia mkoba ule kifuani. Nilidhani amemwamini Mjomba. Naye Mjomba alidhani hivyo, kwa sababu alisema, "Asante, dada."

"Usinishukuru," Mama alisema. "Sijakuamini. Ni vile u damu yangu."

Hakumfukuza. Labda ingekuwa nafuu angemfukuza. Alimpakulia chakula kama kawaida, akamwita kama kawaida, na kila koti alilotundika ukutani lilikuwa limeshapekuliwa. Kabla ya msimu kufunguliwa Mjomba alipata chumba mtaa wa Sparkhill, juu ya duka la nguo kwenye barabara ya Stratford, akahama na begi lake moja. Mwezi wa kumi na moja Mzee Jagdish alileta mguu wa paa umefungwa ndani ya gazeti. "Kioko alisema kweli," alisema. "Walitokea palepale." Mama aliupika kwa nyanya na dania, akanituma na bakuli Sparkhill kwa basi. Mjomba alikula mbele yangu, akalamba mfupa, akauliza kama shule ni nzuri.

Siku hizi Mama ni raia, na havuki tena barabara kama mtu aliyebeba ndoo. Mimi nimejifunza mwenyewe kuandika Kiswahili nilichokuwa nikikwepa kukisema, na kila sentensi ya kumbukumbu hizi nimeiandika upya hadi macho yakauma, nikitafuta ile ambayo ingeniambia mikono ya Mjomba ilikuwa ikifanya nini nyuma ya mgongo wake. Haipo. Msituni wamefunga kamera ndogo kwenye mialoni, na zinaweza kukuonyesha paa amepita upande gani. Nilipaswa kuzaliwa kamera, nilikuwa nikifikiri. Lakini hata kamera ingeona mgongo tu. Kengele ya mlango wetu nayo ina jicho, na Mjomba anapokuja kututembelea, mtu mzima mwenye mke na kitambi, husimama mbele yake, hufungua koti pande zote mbili na kusema, "Kagua, dada." Watoto wake hucheka. Mama hucheka pia, humfungulia, hulipokea lile koti alitundike. Mimi huketi mahali ninapoona ukumbi wote. Vidole vya Mama hupita juu ya mfuko taratibu, kama anapangusa vumbi. Sijawahi kumwambia aache. Huwa nangoja nione kama vitasimama juu ya kitu.