Mama Mwenye Redio na Sauti ya Gitaa Langu

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea kwisha nilipanga chumba mjini Kisii, nyuma ya duka la vitambaa la mjane mmoja Mwislamu. Mchana nilipima mahindi ghalani. Jioni za dansi nilipiga gitaa la mbao, la kawaida, na hakuna aliyenisikia. Watu walicheza kwa kufuata chupa ya soda ambayo shemeji yangu aliigonga kwa msumari. Siku moja niliacha kupiga katikati ya wimbo ili nione itakuwaje. Hakuna aliyegeuka.

Nilitaka sauti kama ya obokano, chombo kikubwa cha nyuzi nane alichokuwa akipiga babu yangu, ambacho mtu hukisikia kifuani kabla ya masikioni. Habari za gitaa la umeme zilikuwa zimetufikia kutoka Nairobi, lakini nyumba niliyopanga haikuwa na umeme. Nilichokuwa nacho ni rafiki mmoja kule Masimba, aliyekuwa fundi wa simu jeshini wakati wa vita, na sasa alikuwa akiziba pancha za baiskeli. Alichukua kisikilizio cha zamani cha simu ya jeshi, ambacho alisema kinaweza pia kunasa sauti, akakibandika kwenye tumbo la gitaa kwa solusheni ya tyubu, akavuta waya.

"Hii waya unachomeka nyuma ya redio, pale pa gramafoni," aliniambia.

"Redio gani?"

"Hiyo sasa ni maneno yako."

Redio pekee niliyoijua ilikuwa ya mama mwenye nyumba, yule mjane, ya betri, na alikuwa akiifunika kwa kitambaa cha kufuma. Nilimwendea baada ya taarifa ya habari.

"Mama, naomba kuunganisha gitaa yangu na redio yako."

"Gitaa langu," alisema.

"Hapana, Mama, ni yangu."

"Najua ni lako. Nakurekebisha Kiswahili."

Alikubali kwa sharti kwamba redio isitoke sebuleni, na yeye akae hapo hapo. Nilichomeka, nikafungua sauti hadi mwisho, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Kilichotoka kilikuwa kama mabati yanayoburutwa juu ya kokoto. Nilipogeuka kuitazama redio, gitaa likaanza kulia lenyewe, mlio mmoja mrefu, bila mimi kuligusa. Paka wake alitoka mlangoni akahamia kwa jirani, na huko ndiko alikozeekea.

Mama hakuinuka kitini. "Kwani gitaa hilo limekukosea nini?" aliuliza.

Niliilaumu redio. Kisha nikazilaumu nyuzi, nikazichemsha kwenye sufuria na magadi, zikatoka safi na sauti ikabaki ile ile. Nilirudi Masimba kumlaumu fundi, naye akaniambia nisogeze kisikilizio karibu na tundu la gitaa, kwa sababu pale mwishoni kilipobandikwa nyuzi zimekazana na zinatoa ukali mtupu. Hilo lilisaidia kidogo. Nilijifunza pia kuipa redio mgongo, na ule mlio ukaisha.

Kilichobaki kilikuwa mkono wangu wa kulia. Kwenye dansi ulikuwa umezoea kupigana na miguu ya watu, na haukujua kwamba vita vimekwisha. Mama aliishusha sauti ya redio hadi nikalazimika kuinama ili nijisikie. "Piga hivyo hivyo," alisema, akarudi kwenye kushona. Nikaacha kutumia kucha, nikatumia nyama ya kidole gumba. Jioni moja uzi mnene ulitoa sauti nzito, ya mviringo, na nikausikia kifuani. Nilitulia kusubiri atasema nini. Aliniomba nimpe mkasi.

Ikaja harusi Nyakoe. Nilimwomba redio, akasema redio haiendi mahali bila yeye. Tukaifunga kwa blanketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya shemeji, na Mama akapanda gari la mtu wa soko. Alipofika alidai kiti, akawekewa kando ya redio, akashika kitufe cha sauti na hakukiachia mchana kutwa.

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Wazee waliacha kuzungumza, na mmoja akauliza kwa sauti obokano limefichwa wapi. Kusikia hivyo nikavimba kichwa, mkono ukaanza kuchapa kama zamani. Ghafla sauti yangu ikapotea, nikabaki nikiisikia chupa ya shemeji tu. Nilitazama nyuma. Mama alikuwa ameizima karibu yote, na alikuwa akiangalia migomba. Nililegeza mkono. Pole pole sauti ikarudi.

Hivyo ndivyo tulivyopiga hadi jua likapoa. Baba wa bwana harusi alikuja kushukuru akiwa na jogoo kwapani. Akampa Mama.

"Asante, Mama. Bendi yako ni nzuri."

"Bado wanajifunza," alisema.

Mimi nilipewa mkono.

Majuma machache baadaye watu wa Nyansiongo walikuja dukani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, wakanipita, wakamuuliza Mama kama angeweza kwenda kwao na yule kijana wake wa gitaa. Mama aliwaambia atafikiri. Alifikiri juma zima, nami nikaendelea kupima mahindi. Kisha akanituma nikanunue betri mpya, tukaenda.